Kiganja cha Kahaso

Kila Jumatano saa nne na nusu, baada ya uji, Gredi ya Nane ya Shule ya Kisimani ilikuwa na kipindi cha muziki. Ratiba iliyobandikwa ukutani ilisema hivyo kwa wino wa buluu. Lakini ratiba ni karatasi tu. Kipindi kikifika, Bwana Jaafar, mwalimu mkuu, aliingia na rundo la maswali ya Hisabati akasema, "Toeni kalamu." Wiki ambazo hakuingia, wanafunzi walichora ngoma. Waliinakili kutoka ubaoni na kuandika majina ya sehemu zake: ngozi, vigingi, mzinga. Tangu Gredi ya Nne, Mwanapili Sefu alikuwa amechora ngoma kumi na moja. Zote zilipata alama nzuri, na hakuwa amepiga hata moja shuleni.

Mambo yalibadilika alipokuja Mwalimu Faith. Alikuwa kijana kutoka bara, mwenye sauti kubwa na viatu visivyopenda mchanga wa Msambweni. Jumatano yake ya kwanza alikitazama kibweta cha chaki mezani, akaitazama michoro, akacheka bila furaha.

"Jameni, mnasoma kuogelea bila maji? Nani anajua mtu mwenye ngoma za ukweli?"

Mwanapili aliinua mkono. Jirani yao, Bi Hadiya, alikuwa mjane wa mpigaji wa ngoma ya sengenya aliyejulikana mpaka Vanga. Ngoma za marehemu zilikuwa zimefunikwa shuka katika chumba cha nyuma: chapuo mbili ndogo, na vumi moja nene, lenye sauti ya chini inayosikika kifuani kabla ya kufika masikioni.

Bi Hadiya alikuwa mshonaji makuti, mwenye vidole vigumu na maneno machache. Alikubali kuziazima ngoma zake, ila kwa sharti.

"Ngoma ikilegea kwa unyevu, hupashwa moto ngozi ikaze. Kazi hiyo haifanywi na kila mkono. Nitamfundisha mmoja, na huyo ndiye nitakayemuuliza." Akamnyoshea Mwanapili kidole. "Wewe. Moto ni wa makuti makavu, huwaka ukazimika. Vifuu usitumie kabisa. Kaa la kifuu ni kali, halina huruma na ngozi. Na kiganja chako kikae juu ya ngozi muda wote. Moto ukikuunguza wewe, unaiunguza ngoma. Hapo uitoe. Usiiache ikakaa peke yake na moto, hata ukiitwa na nani. Umenisikia?"

"Nimekusikia, bibi."

Alisikia kweli. Hilo ndilo lililomtesa baadaye.

Kikundi kikaanza. Wapigaji walipatikana upesi, lakini aliyewashangaza watu ni mwimbaji. Kahaso alikuwa ameletwa kwa shangazi yake mwezi wa Januari kutoka Samburu, ile ya nyika ya pwani kwenye barabara kuu ya malori. Ukame ulikuwa umewamaliza ng'ombe wa baba yake na kumla yeye miaka miwili ya shule. Alisoma kwa kuhesabu herufi, na darasa lilikuwa na tabia mbaya ya kumcheka. Yusra, aliyekaa dawati la mbele, ndiye aliyekuwa hodari wa kumwigiza. Lakini siku Kahaso alipofungua kinywa kuimba, hata Yusra aliacha kutafuna kucha. Sauti ile ilikuwa nzito na safi, na haikuwa na woga wowote. Mwalimu Faith akamfanya kiongozi wa nyimbo palepale.

"Nilikuwa nimeshaamua kuacha shule," Kahaso alimwambia Mwanapili siku moja wakifagia. "Sasa Jumatano huwa naja hata nikiwa na homa."

Bwana Jaafar aliruhusu mazoezi shingo upande. Aliwaita ofisini akawaambia waziwazi, "Tamasha la muziki la kaunti ndogo ni Ijumaa ya tatu ya Juni. Mkifanya vizuri, Jumatano ni yenu, sitaigusa tena. Mkiniaibisha, ngoma zirudi zilikotoka na Hisabati irudi mahali pake."

Basi kila mtu alijua kinachopiganiwa.

Siku moja kabla ya tamasha, mvua ilikuwa imenyesha siku mbili mfululizo. Ngoma zilikuwa zimelegea, ukizipiga zinaguna tu. Afisa wa elimu alitarajiwa saa tisa kuja kusikiliza. Mwalimu Faith akamtuma Mwanapili nyuma ya jiko la shule akazipashe.

Makuti yote yalikuwa yamelowa. Aliwasha mara tatu, akapata moshi na machozi. Kando ya ukuta palikuwa na lundo la vifuu vya nazi za wapishi, vikavu chini ya mabati. Mwanapili alivitazama. Alijiambia kwamba ni mara moja tu, na kwamba atakuwa mwangalifu. Akavipanga juu ya mawe, kinywa kikitazama juu, kama alivyomwona Bi Hadiya akipanga vya kupikia. Muda si muda vilikuwa vyekundu. Alizipasha chapuo haraka haraka zikakaza vizuri, na hapo akajiona fundi. Akalisogeza vumi, ngozi ikitazama makaa, akaweka kiganja.

"Mwanapili!" Yusra aliita kutoka darasani. "Leso zimefika! Mwalimu anagawa! Za damu ya mzee ni mbili tu!"

Leso za kuvaa tamashani! Zilizobaki zote zilikuwa za kijani kilichopauka. Mwanapili alikuwa ameota kuvaa rangi ya damu ya mzee tangu Mwalimu alipoitaja. Aliitazama ngozi. Dakika mbili, alijiambia. Akakimbia.

Alikuwa amekwisha kuipata, ameishika mkononi, imekunjwa vizuri, aliposikia mlio. Ulikuwa mkavu na mkubwa, kama ubao uliovunjika. Alikimbia mpaka pembeni mwa jiko, akasimama.

Kahaso alikuwa amepiga magoti matopeni, vumi liko mapajani mwake. Ngozi ilikuwa imepasuka ukingo hadi ukingo, na moshi ulikuwa ukitoka ndani. Mkono wake wa kulia alikuwa ameubana katikati ya magoti. Na kutoka upande wa pili wa jiko alikuwa anakuja Bwana Jaafar, na nyuma yake afisa wa elimu na faili kwapani.

"Umefanya nini, ewe mtoto?"

"Nimelikuta motoni, mwalimu," Kahaso alisema huku akihema. "Lilikuwa linatoa moshi. Nimelitoa."

Bwana Jaafar aligeuka akamwona Mwanapili. "Si wewe ndiye mpasha ngoma? Wewe ndiye uliyeliacha hapa?"

Kama angejibu "ndiyo" wakati ule, hadithi hii ingekuwa fupi, na kiganja cha mtu kingetibiwa siku ileile. Lakini Mwanapili alimwona afisa. Akajiona anavyotazamwa, leso mpya mkononi. Ulimi ukatangulia.

"Hapana, mwalimu. Nilizipasha nikamaliza. Nilipoondoka vumi lilikuwa limeegemea ukuta."

Kahaso aliinua uso akamtazama. Macho yake yalishuka hadi kwenye leso, yakakaa hapo.

"Basi umelirudisha motoni kuchezea," Bwana Jaafar alimwambia Kahaso. "Kitu kidogo tulichoazimwa na mjane, mmekigeuza mchezo. Nenda nyumbani. Usirudi bila mlezi wako. Na huo muziki umekwisha. Kesho hakuna anayekwenda popote."

Mwalimu Faith alifika akakuta vumi limelala ubavu. Aliweka mikono kichwani, akaingia darasani, akafunga mlango. Kahaso akaondoka peke yake, amekumbatia mkono wake. Katika watu wote wale, wakubwa na wadogo, hakuna aliyemwambia aufungue wauone.

Kesho yake Bi Hadiya alikuja na mkokoteni kuchukua ngoma zake. Hakupiga kelele, na wanafunzi waliokusanyika kuona kelele wakavunjika moyo. Alilikagua vumi, akainama akainusa ile ngozi, kisha akaenda nyuma ya jiko peke yake. Alirudi na kitu cheusi, akakifunga katika pindo la leso yake.

"Mtoto gani?" aliuliza.

"Yule wa Samburu, Bi Hadiya," Bwana Jaafar alijibu. "Tunaomba radhi sana."

Bi Hadiya akamtazama Mwanapili kwa muda mrefu. Mwanapili akatazama vidole vyake vya miguu. "Haya," mjane akasema, akamwashiria msukuma mkokoteni.

Jumatano iliyofuata, Bwana Jaafar aliingia na rundo lake. "Toeni kalamu." Wanafunzi walizitoa kwa hasira, na hasira yao yote walimtupia asiyekuwepo. "Yule mchunga mbuzi ametuharibia," Yusra alisema, na wengine wakaitikia. Mwanapili aliinamisha kichwa. Kila siku aliyonyamaza iliifanya ya kesho kuwa ngumu zaidi. Aliificha ile leso chini ya godoro. Chakula kilimshinda. Mama yake, Mwanafatuma, alidhani ni malaria, akampeleka akapimwe, na hakupatikana na kitu.

Jumatatu ya wiki ya tatu Mwalimu Faith aliingia darasani bila kitabu. Alikuwa amekwenda kwa shangazi yake Kahaso.

"Kahaso hayuko Msambweni," alisema, na sauti yake kubwa ilikuwa imepungua. "Amerudishwa kwao Samburu. Mkono wake uliungua siku ile, na sisi hatukujua. Shangazi alimpaka dawa ya meno akidhani inapoza. Kidonda kikaoza. Walipompeleka zahanati kilikuwa kimeshaingia ndani. Wanasema huenda vidole visinyooke tena."

Hakuna aliyecheka. Yusra alianza kulia. Mwanapili aliomba ruhusa ya kwenda msalani, akapita msalani, akapita lango la shule, na miguu yake haikusimama mpaka nyumbani kwa Bi Hadiya.

"Hodi."

"Karibu."

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Kaa."

Bi Hadiya alikuwa anashona kuti, anakunja jani juu ya ufito na kulifunga, anakunja na kufunga. Mwanapili alikaa chini akasema yote bila kuvuta pumzi: mvua, vifuu, leso, uongo. Alipomaliza, Bi Hadiya aliweka kuti kando. Akafungua pindo la leso yake, akatoa kile kitu cheusi. Kilikuwa kipande cha kifuu kilichoungua.

"Samburu hakuna mnazi hata mmoja," alisema. "Mtoto wa kule akitaka moto atatafuta kuni. Hawezi kujua kupanga vifuu kinywa juu. Hivyo hupanga mimi, na aliyekuwa akinitazama ni wewe."

"Ulijua, bibi?"

"Tangu siku ile."

"Mbona hukusema?"

Kwa mara ya kwanza Mwanapili aliona mikono ya Bi Hadiya haijui iende wapi.

"Nilikuwa nakungoja. Nilisema moyoni, huyu mtoto nimemlea mlangoni kwangu, mwache aje mwenyewe, ukweli utoke kinywani mwake ndipo utamkaa. Nikajiona mwenye hekima. Siku kumi na nane nimekaa hapa nashona makuti nikikungoja wewe, na mtoto wa watu anaoza mkono." Alipangusa uso kwa kiganja. "Basi usilie peke yako. Kosa hili ni letu sote wawili. Inuka."

Asubuhi iliyofuata, kwenye gwaride, Mwanapili alisimama mbele ya shule nzima na Bi Hadiya kando yake. Aliyasema yale yale aliyoyasema nyumbani kwa mjane, hakupunguza leso wala uongo. Minong'ono ilipita kwenye mistari. Kisha Bi Hadiya akasema la kwake, mtu mzima mbele ya watoto, na minong'ono ikaisha.

Bwana Jaafar alikuwa anatazama mchanga. "Nilikuwa nimesimama hatua mbili kutoka kwake," alisema polepole. "Nikaliangalia vumi. Mkono sikuuangalia."

Jumamosi Bi Hadiya, Mwalimu Faith na Mwanapili walikwenda Samburu. Walimkuta Kahaso kando ya barabara kuu akiwauzia madereva wa malori mahindi ya kuchemsha. Alikuwa anapokea pesa na kurudisha chenji kwa mkono wa kushoto. Wa kulia ulikuwa umekunjika nusu, ngozi ya kiganja inang'aa na imevutika.

Mwanapili alikuwa ameandaa maneno mengi njiani. Yote yalimpotea.

"Uliniona pale matopeni," Kahaso alisema.

"Nilikuona."

"Ulikuwa umeshika leso."

"Ndiyo. Mimi ndiye niliyeliacha vumi motoni. Kisha nikasema uongo. Nisamehe, Kahaso."

Kahaso aligeukia sufuria yake, akaifunika. Hakusema amesamehe, na Mwanapili hakuwa na haki ya kumhimiza.

Baba yake, Mzee Mwinga, aliwasikiliza uani akiwa ameshika fimbo yake kwa mikono miwili. Walipomaliza aliiweka fimbo chini.

"Mwanangu aliniambia hakulichoma," alisema. "Shule ilisema alilichoma. Nikaiamini shule. Nilimchapa, na mkono wake uko hivyo hivyo."

Mwalimu Faith aliangua kilio. Bi Hadiya hakulia, lakini alikaa chini mchangani. Mwisho Mzee Mwinga alisema mtoto atarudi shule muhula wa tatu kama mwenyewe atataka, na si kabla hajafikishwa kwa daktari wa mikono. Bwana Jaafar ndiye aliyempeleka, na ndiye aliyekaa naye kwenye benchi la kungojea, kila miadi. Daktari alivinyoosha vidole viwili. Vingine viwili vilikataa.

Tamasha lilikuwa limepita zamani. Shule nyingine zilikwenda, zikaimba, zikarudi na vyeti. Kisimani haikuwa na cheti. Lakini muhula wa tatu ulipofunguliwa, Bwana Jaafar aliwaita wazazi na wanafunzi akasema jambo ambalo Mwanapili hakulitarajia.

"Nilisema muziki umekwisha kwa sababu ya kosa la mtoto. Ukweli ni kwamba mimi nilikuwa nimeumaliza miaka minne kabla ya kosa hilo. Kulikuwa na mtoto hapa ambaye kuimba ndiko kulikomleta shuleni, na mimi nilikuwa nampa karatasi. Jumatano ni ya muziki. Haitegemei kushinda wala kushindwa."

Kahaso alirudi. Yusra alimsogezea nafasi kwenye dawati la mbele. Darasa lilimpokea kwa upole wa aibu ambao hakuuomba, na yeye hakujifanya kuufurahia. Kahaso na Mwanapili walizungumza kama majirani wasiozoeana: habari za asubuhi, nipe ufagio. Wiki ya tano Mzee Mwinga alituma ngozi ya mbuzi iliyokaushwa vizuri. Bi Hadiya akailoweka, akaliwamba vumi upya nyuma ya jiko lile lile, Mwanapili akimshikia vigingi.

Jumatano ya kwanza ya vumi jipya ilikuwa kavu. Mwanapili aliwasha makuti. Bi Hadiya aliwaita wote wakae duara, Gredi ya Nane nzima.

"Zamani nilisema kazi hii ni ya mmoja," alisema. "Nilikosea. Mmoja akiiacha, hakuna mwingine anayejua. Leo mtajifunza wote. Na mjue hili, wanangu. Vumi lilipasuka, nimeliwamba, linalia. Uongo wa neno moja ulipasua mkono wa mtoto, na mkono hauwambwi. Ukikosea, sema saa ileile, kungali kuna kitu cha kuokoa. Na wewe unayejua ukweli, usikae ukingoje mwenzako aseme, ukajiita mvumilivu. Mimi nilikaa."

Moto uliwaka vizuri. Kahaso alisogea wa kwanza, kwa mazoea akaweka mkono wa kulia juu ya ngozi. Alingoja. Ndimi za moto zilipanda, ngozi ikaanza kutoa harufu, naye bado alikuwa anangoja, uso umetulia, mpaka Bi Hadiya akamshika kifundo cha mkono akamtoa.

"Sikusikia kitu," Kahaso alisema. Aligeuza kile kiganja kinachong'aa akakitazama kana kwamba si chake. "Hakisikii moto tena."

Kahaso aligeuka akamtazama Mwanapili, kwa mara ya kwanza tangu Samburu akamtazama hasa, machoni.

"Weka wako," alisema. "Na usiondoke."

Mwanapili aliweka kiganja juu ya ngozi. Moto uliongezeka, joto likapanda polepole mpaka likamchoma, na hapo, si kabla wala si baadaye, akalitoa vumi na kumpa. Kahaso akalipiga mara moja kwa mkono wa kushoto. Mlio ukawaingia vifuani. Akafungua kinywa, akaanza kuimba.